Si udogo wa biashara unaozalisha ajira
Tangu mtafiti David Birch alipotoa ripoti yake kuhusu wanaozalisha ajira mwaka 1979, wanasiasa wa Marekani wamekuwa wakirudia kwamba biashara ndogo ndizo zinazozalisha ajira nyingi mpya, na dai hilo lilisikika tena baada ya Oktoba 2009, ukosefu wa ajira ulipofikia asilimia 10. Lina chembe ya ukweli, lakini linasifu sifa isiyo yenyewe. Mwaka 2013 wachumi John Haltiwanger, Ron Jarmin na Javier Miranda walionyesha kwamba, umri wa kampuni ukizingatiwa, uhusiano kati ya udogo wake na ongezeko la ajira unatoweka: zinazoajiri kwa kasi ni kampuni changa, ambazo kwa kawaida huanza zikiwa ndogo. Kinyozi mwenye viti viwili kwa miaka 20 huenda biashara yake ni nzima kabisa, ila hana haja wala nia ya kuongeza kiti cha tatu. Changa nazo hufa kwa wingi, takriban nusu yazo zikifungwa ndani ya miaka mitano. Baada ya msukosuko wa kifedha wa 2008 kampuni mpya zilipungua sana, na hilo, kwa sehemu, ndilo lililochelewesha ajira kurejea.