Kujua kituo cha anga kitapita lini kwa komandi moja

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili, inakuwaje programu ya kompyuta inajua kupatwa kwa jua kwa tarehe 2 Agosti 2027 karibu mpaka sekunde, halafu ukiiuliza Kituo cha Kimataifa cha Anga, yaani ISS, kitapita juu yako saa ngapi mwezi ujao inakupa jibu ambalo hata mimi ninayefanya hizi hesabu kila siku silitegemei. Programu haina shida yoyote. Shida ni hewa.

Mwezi uko mbali, mzito, hakuna upepo wa kuusukuma, na tangu 1969 tunaupima kwa leza kupitia vioo vilivyoachwa kule na Apollo 11, kwa hiyo njia yake tunaijua vizuri sana. ISS iko kilomita 400 hivi juu, na huko bado kuna hewa, nyembamba kweli lakini ipo, inakivuta kituo kidogo kidogo kinashuka, na jua likichafuka hewa hiyo inavimba na kukivuta zaidi. Februari 2022 dhoruba ya jua iliangusha satelaiti 38 kati ya 49 za intaneti za Starlink zilizokuwa ndio kwanza zimerushwa. Halafu ISS ikishashuka, waongozaji wake walioko duniani wanaamuru injini ziwashwe kuipandisha tena, na hilo hakuna fomula inayoweza kulijua kabla.

Sasa mimi kwenye terminali, yaani lile dirisha la kuandikia komandi, natumia predict, programu ya miaka mingi ya John Magliacane. Ina faili mbili za muhimu, moja inasema wewe uko wapi na nyingine ina TLE, yaani ile mistari miwili ya namba inayoeleza obiti ya satelaiti. Watu wengi wanaikopi tu bila kuiangalia, na hapo ndipo wanapopotea. Angalia mstari wa kwanza, utakuta kitu kama 24183.50000000. Hiyo 24 ni mwaka 2024, 183 ni siku ya 183 ya mwaka yaani tarehe 1 Julai, na .5 ni nusu ya siku, saa sita mchana kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Ndio umri wa data yako huo! Mimi kwa ISS siendi zaidi ya siku tatu nne, ikizidi hapo naapdeti kwanza (`predict -u mpya.txt`) ndio niulize kitu.

Hili nililijua kwa uchungu. Niliwahi kuwatoa wenzangu nje usiku na TLE ya wiki tatu, nikawaambia tusubiri kidogo bado dakika mbili, tukiwa bado tunatafuta pa kusimama mmoja akaonyesha kidole juu, kituo kilikuwa kinamalizia kupita. Kinakimbia karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, ukikosea nusu dakika tu umekosea zaidi ya kilomita 200.

Kosa la pili ni longitudo. predict kwa kawaida inahesabu magharibi kuwa chanya, kinyume na ramani nyingi za siku hizi, kwa hiyo ukiwa karibu na ikweta longitudo 40 mashariki ukaandika 40 tu, programu inakuweka kwenye bahari ya Atlantiki na inakupa majibu mazuri kabisa ya huko baharini, haikulalamikii hata kidogo. Andika -40.

Basi vikishakaa sawa hivyo viwili, komandi yenyewe ni hii:

`predict -p ISS $(date -d '18:00' +%s)`

Hapo unaiambia nipe mpito wa kwanza kuanzia saa kumi na mbili jioni ya leo, na jina liwe vilevile lilivyo kwenye faili yako ya TLE. Hicho kipande cha date kinageuza saa ya ukutani kwako kuwa sekunde za Unix, yaani sekunde zinazohesabiwa tangu mwanzo wa 1970, maana predict inafanya kila kitu kwa UTC na watu wengi hukosea saa nzima kadhaa hapo.

Inakuja safu ya mistari, saa, kimo juu ya upeo wa macho kwa digrii, halafu upande wa dira, na mwisho kabisa kuna kialama. Mimi macho yangu yanaenda kwenye kialama kwanza. Ukiona + kituo kiko juani lakini kwako bado kuna mwanga, hutakiona. Ukiona nyota, yaani *, kwako kumeshakuwa giza na kituo huko juu bado kinapigwa na jua, hicho ndicho unachokitaka. Pasipo na kitu chochote kimeingia kwenye kivuli cha dunia.

Ninachokipenda zaidi ni mpito wa saa mbili usiku hivi, pale nyota zinapoishia katikati ya safu, labda kituo kikiwa digrii 50 juu na bado kinapanda. Shika saa mkononi ukaangalie nje. Kinakuja kinang'aa kuliko nyota zote, kinapanda, halafu kwenye sekunde za mstari uleule kinaanza kuwa chekundu, kinafifia, kinapotea mbinguni palepale bila wingu lolote.