Kufundisha Shule ya Kimataifa Nje ya Nchi: Wadhamini Kwanza, Wakala Baadaye

Kila inapokaribia mwisho wa mwaka, kitengo chetu cha ushauri wa ajira hapa Dodoma hupokea walimu wenye swali lilelile: shule za kimataifa za nje zinaajiri, je, wakala gani anaaminika? Huuliza mhitimu wa UDOM anayepiga tempo shule binafsi, huuliza pia mwalimu wa serikali kutoka Kongwa au Manyoni aliyekaa kazini miaka minane. Jibu letu huwa haliwafurahishi. Shule hizi humchukua mwalimu ambaye zinaweza kumthibitisha, kwa karatasi na kwa kauli ya watu waliofanya naye kazi. Uthibitisho huo hauuzwi na wakala yeyote. Unaandaliwa hukuhuku Chamwino, Mpwapwa na Bahi, mwaka mzima kabla tangazo halijatoka.

Nyingi ya shule hizi hufundisha kwa Kiingereza, kwa mtaala usio wa nchi zilipo. Kubwa ni mitaala ya Cambridge ya Uingereza, ambayo mtihani wake wa sekondari uitwao IGCSE ulianza mwaka 1988, na ile ya IB (International Baccalaureate), taasisi iliyoanzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1968. Zipo Dubai, Doha, Bangkok, Shanghai, Nairobi, Kigali na kwingineko. Zipo hata hapa kwetu: International School of Tanganyika Dar es Salaam, UWC East Africa yenye kampasi Moshi na Arusha, na hapa Dodoma kuna Canon Andrea Mwaka. Nazitaja za ndani kwa makusudi. Mwalimu aliyefundisha mtaala wa Cambridge au IB, hata kwa miaka miwili tu, maombi yake husomwa kwa jicho jingine kabisa. Kwa wengi, safari ya Bangkok ingekuwa fupi zaidi kama ingeanzia Moshi.

Sifa ya chini inayotajwa karibu kila tangazo ni shahada yenye ualimu ndani yake, au shahada ya somo pamoja na stashahada ya uzamili ya elimu, na walau miaka miwili ya kufundisha kwa ajira kamili. Mwenye stashahada peke yake ajiendeleze kwanza. Nafasi anazoweza kupata ni za msaidizi wa darasa, na hizo mara nyingi huchukuliwa na wenyeji wa nchi husika. Tempo nazo hazihesabiwi kirahisi, isipokuwa shule ikuandikie barua inayotaja tarehe, masomo na idadi ya vipindi. Barua hiyo iombe kabla hujaondoka, mhasibu na mkuu wa shule wakiwa bado wanakukumbuka.

Masomo nayo hayalingani. Mwalimu wa Hisabati, Fizikia, Kemia au TEHAMA yuko mahali pazuri, kwa kuwa uhaba wa walimu hao si wa Tanzania pekee. Mwalimu wa Kiingereza ana mlima wa kupanda, na ni heri aambiwe mapema. China, kwa mfano, kibali cha kazi cha kufundisha lugha ya Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kwanza, na shule nyingi za Ghuba hufuata mkondo huohuo bila kuandika popote. Mimi naona ni ubaguzi wa pasipoti, lakini kuuchukia hakutakupa kibali. Ukiwa na Kiingereza pamoja na Historia au Jiografia, omba kwa hilo somo la pili.

Kiswahili wengi hawakifikirii, ingawa Cambridge ina mtihani wa IGCSE wa Kiswahili na IB huruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake ya nyumbani akiwa na mwalimu wa kumwongoza. Nafasi za ajira kamili ni chache na nyingi ziko Afrika Mashariki, lakini mwalimu wa Jiografia anayeweza pia kushika Kiswahili huwa na thamani ya ziada. Anayetaka njia hiyo apate mafunzo ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ya kufundisha Kiswahili kwa wageni na ajiandikishe kwenye kanzidata yao ya wataalamu. Kumfundisha Kiswahili mtoto wa Kikorea ni kazi tofauti kabisa na kukifundisha kidato cha pili Kondoa.

Kwenye karatasi, tatizo letu kubwa ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha kidato cha nne kimekata jina la kati, kitambulisho cha NIDA kimeongeza la babu, na pasipoti imefuata NIDA. Hapa nyumbani tumezoea na tunaelewana. Ofisa wa uhamiaji wa Qatar hakujui wala babu yako hamjui. Linganisha nyaraka zote herufi kwa herufi kabla ya kuomba chochote, na kama zinapishana, nenda kwa wakili uulize njia sahihi, iwe kiapo au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Pasipoti ya kielektroniki iliyoanza kutolewa mwaka 2018 isibaki na muda mfupi, kwa sababu viza ya kazi ya miaka miwili haitagongwa kwenye kitabu kinachokwisha miezi mitano ijayo.

Ukishapata kazi, nchi nyingi zitataka vyeti vithibitishwe kwa ngazi. Taasisi iliyovitoa, Wizara ya Mambo ya Nje pale Mtumba, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda, na balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam. Kwa wa Dodoma angalau treni ya SGR imepunguza adha: unaondoka alfajiri, unaweza kurudi usiku. Usitume vyeti halisi kwa basi. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Sasa wadhamini, yaani watu wanaoulizwa kuhusu kazi na tabia yako, na hapa ndipo maombi mengi mazuri hufia. Mwalimu hutuletea barua iliyoanza na "Kwa yeyote anayehusika", imegongwa muhuri wa shule, inasema ndugu fulani ni mchapakazi, mwenye nidhamu na anayeshirikiana na wenzake. Barua hiyo kwa shule ya kimataifa haina kazi. Wao humwandikia mkuu wako wa shule moja kwa moja, kwa siri, wakimtumia fomu yenye maswali: amefundisha madarasa gani, alikosa kazini mara ngapi, anapokeaje kukosolewa, je, ungemwajiri tena, na je, una shaka yoyote kuhusu yeye kuwa karibu na watoto? Mkuu asipojibu, hawakupigii simu kukuambia. Wanachukua anayefuata.

Kwa hiyo kaa na mkuu wako wa shule mapema na umwambie ukweli wa mpango wako. Najua hili ni gumu. Wapo wakuu wanaoona mwalimu anayetaka kuondoka ni msaliti, na wapo wanaoogopa kubaki bila mwalimu wa Fizikia. Lakini kumficha hakusaidii, kwa kuwa fomu itamfikia tu. Mwombe anuani ya barua pepe anayoifungua kweli. Ikiwa shule haina anuani rasmi, na shule nyingi za kata hazina, mweleze anayeajiri mapema kwamba mkuu wako hutumia anuani binafsi, kisha mpe na namba ya ofisi na jina la ofisa elimu anayeweza kuthibitisha. Mkuu asiyezoea fomu za Kiingereza za kujazwa mtandaoni mkalishe mbele ya kompyuta umwonyeshe zinavyofunguka, kisha toka nje ajaze mwenyewe.

Ukali huu una chanzo. Mwaka 2014 iligundulika kwamba Mmarekani William Vahey, aliyefundisha shule za kimataifa katika nchi mbalimbali kwa takriban miaka 40, alikuwa akiwadhuru wanafunzi wake kingono. Alijiua mara baada ya kufichuliwa. Kilichoziumiza shule zaidi ni kwamba alikuwa amewahi kutiwa hatiani California mwaka 1969 kwa kosa dhidi ya watoto, na bado alipita shule moja hadi nyingine bila mtu kulibaini hilo. Mwaka huohuo vyama vya shule za kimataifa viliunda kikosi kazi cha pamoja cha ulinzi wa mtoto, na tangu hapo uhakiki wa walimu ukabana. Ndiyo maana utaombwa cheti cha polisi cha tabia njema kutoka kila nchi uliyoishi, na hapa kwetu hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Ndiyo maana pia kila pengo kwenye wasifu wako litaulizwa. Kama 2019 ulikuwa nyumbani Mvumi unalima alizeti ukisubiri ajira, andika hivyo hivyo. Kulima si doa, ila mwaka usio na maelezo unatia shaka.

Kwenye usaili swali la ulinzi wa mtoto haliepukiki, na ndilo linalowaangusha walimu wetu kuliko Kiingereza. Utaulizwa: mwanafunzi anavuruga kipindi mara ya tatu, unafanyaje? Mwalimu wetu, kwa uaminifu kabisa, hujibu kwamba atampa adhabu. Sheria yetu bado inaruhusu viboko kwa masharti, lakini shule hizo haziruhusu hata kidogo, wala kumpigisha mtoto magoti, wala kumtoa nje akasimame juani. Wanataka kusikia unavyozungumza naye pembeni, unavyotafuta kinachomsumbua, unavyoandika taarifa, unavyomhusisha mzazi. Swali jingine: mtoto amekuambia siri kwamba anaumizwa nyumbani na amekuomba usimwambie mtu. Jibu ni kwamba humwahidi kutunza siri hiyo, unamsikiliza bila kumhoji kama askari, na unamfikishia mhusika wa ulinzi wa watoto wa shule siku hiyohiyo. Usiyakariri majibu haya. Anza kuyatenda darasani kwako sasa, maana msaili mzoefu atakuomba mfano wa kweli, na mfano wa kubuni unajulikana.

Kwa upande mwingine, walimu wetu hujidharau bila sababu. Mwalimu aliyefundisha mkondo wa wanafunzi 80 kwa chaki, akapanga makundi, akawatambua wasiojua kusoma na akawapa vipindi vya ziada, ana mengi ya kusema kuliko anavyodhani. Tatizo ni kwamba wasifu wake unaanza na shule ya msingi aliyosoma, hali ya ndoa na dini, kisha mstari mmoja: "mwalimu wa Hisabati, 2017 hadi sasa". Futa hayo ya mwanzo. Eleza ulifundisha nini, kidato gani, wangapi, ulibadilisha nini na matokeo yakawaje. Ambatisha andalio moja la somo lililo bora kweli, si lile la kumwonyesha mkaguzi.

Usaili hufanyika kwa video, na saa huwachanganya watu. Wakiandika saa 14:00 za Bangkok, kwetu ni saa 4 asubuhi. Wakiandika 9:00 za London wakati wa baridi, kwetu ni saa 6 mchana. Anayesoma 9:00 akaelewa saa 9 alasiri amechelewa saa tatu nzima, na hakuna anayesubiri. Tafuta mahali penye mtandao wa uhakika na umeme wa akiba.

Kalenda yao pia si yetu. Mwaka wa masomo wa shule nyingi huanza Agosti au Septemba, na kuajiri kunaanza Oktoba na kupamba moto hadi Februari au Machi. Nafasi hutangazwa kwenye tovuti za shule zenyewe na kwenye majukwaa ya ajira za walimu kama TES, Search Associates na ISS. Hakiki shule kama inavyokuhakiki: tovuti za IB, Cambridge na Council of International Schools zina orodha za shule zinazozitambua. Shule inayodai kufundisha IB na haimo kwenye orodha ya IB, achana nayo.

Ada ndogo ya kujisajili kwenye jukwaa la kazi ni jambo moja. Kudaiwa laki kadhaa za "kuchakata viza" ili upewe nafasi ni utapeli, hata kama barua ina nembo na muhuri. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unakataza kimsingi mawakala kumtoza mtafuta kazi. Hapa nchini wakala wa ajira lazima awe na leseni, na kabla hujamwamini muulizie TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Ukiambiwa utangulie kwa viza ya utalii na kibali cha kazi kitafuata hukohuko, usipande ndege. Ukifika ukakosa kibali, pasipoti yako iko kwa mtu usiyemjua na kila siku unayofundisha unavunja sheria ya nchi hiyo.

Kwa walimu wa serikali kuna la mwisho. Kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku 5 kunaweza kukufukuzisha, na rekodi hiyo ndiyo mdhamini wako atakayoiandika. Omba likizo bila malipo kwa maandishi, kupitia mkuu wa shule hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na subiri jibu la maandishi. Wakati unasubiri, pita PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, uulize michango yako imefika miezi mingapi. Pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180, na aliyebakiza mwaka mmoja kufika hapo ana hesabu tofauti na aliyeanza kazi juzi. Nakala ya barua yako ya maombi, yenye muhuri wa masijala na tarehe ya kupokelewa, ibaki mikononi mwako.