Je, elementi inayong'aa zaidi kwenye nebula ndiyo iliyo nyingi zaidi?

Hapana, na kati ya nebula, yaani mawingu ya gesi angani, zile ziitwazo nebula za sayari zinalionyesha hilo vizuri ajabu. Hizi ni gesi zilizotemwa na nyota za aina ya Jua zinapofika mwisho wa uhai wake. Hazihusiani na sayari, ila kwenye darubini za karne ya 18 zilionekana viduara kama sayari.

Mwaka 1864 William Huggins wa Uingereza alichambua mwanga wa nebula ya Jicho la Paka, NGC 6543, akakuta mistari michache tu, yaani rangi chache mahususi badala ya rangi zote za upinde wa mvua, mkali zaidi ukiwa wa kijani. Haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, ikabuniwa mpya: nebuliamu. Mwaka 1927 Ira Bowen wa Marekani akaonyesha kuwa ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili.

Mstari huo mara nyingi hung'aa mara 10 kuliko ule wa hidrojeni ulio jirani nao, kwa hiyo ni rahisi kudhani nebula imejaa oksijeni. Kumbe kwa kila atomu 1,000 za hidrojeni, oksijeni kwa kawaida haifiki hata moja! Elektroni zinazozagaa humo zina nguvu ya kuiamsha oksijeni kwa kuigonga, nayo ikang'aa. Kuiamsha hidrojeni kunataka nishati mara nne ya hiyo, na ni elektroni chache mno zilizo nayo. Hidrojeni hung'aa hasa inaponasa elektroni iliyoipoteza, na hilo hutokea kwa nadra.

Basi mng'ao hutegemea idadi ya atomu pamoja na joto. Chukua watoto wanaopopoa maembe. Ya matawi ya chini huangushwa na yeyote, ya juu na wenye mikono yenye nguvu tu. Linganisha yaliyoanguka ya juu na ya chini, utajua nguvu ya warushaji. Ukishaijua, unaweza kukadiria mwembe ulikuwa na maembe mangapi. Oksijeni nayo ina mstari hafifu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 436.3 utokao ngazi ya juu ya nishati, na ule mkali wa kijani wa 500.7 utokao ngazi ya chini. Uwiano wake hutoa joto, kwa kawaida nyuzi 10,000 hivi, na joto hutoa idadi.

Lakini ipo njia ya pili: mistari hafifu sana ambayo oksijeni hutoa inaponasa elektroni. Njia hii karibu kila mara hutoa oksijeni nyingi zaidi, mara mbili au tatu. Katika nebula ya Hf 2-2 tofauti hufika takriban mara 70. Huenda humo mna mabonge ya gesi baridi yenye elementi nzito tele, na baadhi ya nebula za namna hii, Hf 2-2 ikiwemo, zina nyota pacha katikati. Kwa nini mambo hayo huenda pamoja bado haijaeleweka vizuri.