Ushauri wa Afya Unapotoka Mkononi mwa Aliyeuandika

Mhudumu wa afya anapoweka ushauri kwenye mtandao wa kijamii, humwandikia mgonjwa anayemfahamu, lakini mara nyingi anayeusoma ni mtu mwingine kabisa, aliyetumiwa na jirani ambaye naye alitumiwa na ndugu, na asiye na njia ya kujua nani aliuandika, lini, wala kwa ajili ya nani. Huyo msomaji wa mwisho ndiye ninayewaomba wenzangu wamfikirie kabla hawajabonyeza kitufe cha kutuma.

Tuchukue maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Pale ambapo pakiti ya ORS (mchanganyiko maalumu wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) haipatikani, kipimo ni lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Ujumbe huo ukinakiliwa kwa haraka, neno «nusu» linaweza kudondoka, au «cha chai» likaachwa, na mzazi akachota chumvi kwa kijiko kikubwa kilichojaa pomoni. Chumvi ikizidi katika damu huvuta maji kutoka kwenye seli za mwili, zikiwemo za ubongo, na mtoto ambaye tayari ameishiwa maji anaweza kupata degedege. Ndiyo maana napendelea picha moja inayoonyesha kijiko chenyewe kikisawazishwa kwa kisu, vipimo vikiwa ndani ya picha hiyohiyo, pamoja na jina la kituo, tarehe na onyo kwamba mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au anayeharisha damu apelekwe kituoni mara moja. Kwa asiyeona au asiyejua kusoma, ujumbe mfupi wa sauti unafaa zaidi, nao uanze kwa kutaja kituo na tarehe.

Tarehe si pambo. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwa likipendekeza kila mtu avae barakoa, na Juni mwaka huohuo likabadili ushauri kadiri ushahidi ulivyoongezeka. Ujumbe usio na tarehe haumwambii msomaji kama uliandikwa kabla au baada ya mabadiliko hayo, na anayekutana na ujumbe wa kabla na wa baada kwa siku moja huanza kuwatilia shaka wataalamu wote.

Jambo linalonisumbua zaidi ni siri ya mgonjwa. Katika kundi la kawaida la WhatsApp, wanakundi huona namba za simu za wenzao. Kituo kikiwaunganisha wagonjwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika kundi moja, hata kwa nia njema ya kuwakumbusha tarehe za kliniki, kinakuwa kimemtangaza kila mmoja wao kwa wengine wote. Na jina la kundi likijitokeza kwenye simu iliyoachwa mezani, limemtangaza hata kwa watu wa nyumbani. Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list) ni salama zaidi, kwa sababu kila mmoja hupokea ujumbe peke yake, ingawa humfikia tu aliyehifadhi namba ya kituo, na hilo lielezwe mapema mgonjwa anapotoa ridhaa. Maneno ya ujumbe nayo yawe ya kawaida: «Tunakukumbusha miadi yako ya Jumanne» yanatosha, bila kutaja ugonjwa wala dawa.

Mgonjwa akiuliza hadharani, chini ya chapisho, kuhusu dozi yake, ajibiwe kwa heshima kwamba suala hilo linahitaji kumbukumbu zake za matibabu, kisha aelekezwe kwenye simu ya kituo au kliniki. Hata kukiri tu kwamba «wewe ni mgonjwa wetu» ni kutoa siri. Picha za vidonda na za eksirei zisiwekwe bila ridhaa ya maandishi, na kuficha uso pekee hakutoshi, kwani kovu, mchoro wa mwilini au namba iliyo pembeni mwa filamu humtambulisha mtu kwa wanaomfahamu.

Kituo kikigundua kwamba kilikosea kipimo, kufuta chapisho kimyakimya hakusaidii, maana nakala zake zimeshasambaa. Kiandike sahihisho lenye tarehe, kitaje wazi kilichokosewa na kilicho sahihi, kisha kilitume kupitia njia zilezile ambazo ujumbe wa kwanza ulipita, na kuwaomba waliousambaza walipeleke sahihisho kwa watu walewale.