“Kimepasuka Chenyewe”: Yanayosemwa Kuhusu Vioo vya Mbele na Sanrufu, na Ukweli Wake

Malalamiko mawili hayakauki midomoni mwa wenye magari. La kwanza ni kioo cha mbele kilicholala kizima na kuamka na ufa. La pili ni sanrufu, yaani kioo cha paa kinachofunguka, inayomwagia watu maji mvua za masika zikianza. Mara nyingi chanzo kinaonekana kwa macho, mradi utazame mahali penyewe kabla fundi hajagusa kitu. Na tiba nyingi za gereji hudhuru kuliko ugonjwa.

Dhana: “Hakuna kilichokigonga, kimepasuka chenyewe.”

Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, kila kimoja kina unene wa milimita 2 hivi, na katikati yake kuna utando wa plastiki wa milimita 0.76. Ndiyo maana kikipasuka hakimwagiki. Jiwe likirushwa na lori, kwa kawaida huumia tabaka la nje peke yake. Kishimo kidogo kama punje ya mtama kinaweza kukaa wiki kadhaa bila mtu kukiona, hasa kikiwa chini ya wipa au pembeni karibu na ukanda mweusi. Siku moja gari linaanikwa juani mchana kutwa, dereva anaingia, anawasha eisi mpaka mwisho na kuelekeza upepo kiooni. Upande wa ndani unasinyaa, wa nje bado umetanuka, na ufa unaanza safari kutoka kwenye kishimo kile. Ndoo ya maji baridi ya muosha magari hufanya kazi ileile.

Kupima ni rahisi. Chukua kalamu ya wino, ipitishe taratibu juu ya ufa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ncha ikinasa mahali kama kwenye tundu, hapo ndipo jiwe lilipopiga. Isiponasa popote, fuata ufa hadi ukingoni. Ufa wa mkazo huanzia ukingo wa kioo, hutoka ukiwa umenyooka kwa pembe mraba na ukingo kwa sentimita chache, kisha hujipinda upendavyo.

Ufa wa mkazo nao una baba yake. Ukingo wa kioo huenda ulichubuliwa na kisu cha fundi aliyekitoa au kukipachika. Au bodi inajikunja kila gari linapokata mtaro kwa mshazari, tairi moja ikining’inia. Kwa magari yaliyozeeka Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, chanzo kinachosahaulika ni kutu. Chumvi ya bahari hula bati chini ya gundi, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, inavimba na kukisukuma kioo kwa nje. Ukibadilisha kioo bila kuiondoa kutu hiyo, cha pili nacho kitapasuka palepale.

Suala la jiwe au mkazo si ubishi wa kijiweni tu. Waranti za watengenezaji kwa kawaida hazilipi pigo la jiwe, ila zinaweza kulipa kasoro ya kioo chenyewe. Huko Marekani, wamiliki wa Subaru walifika mahakamani New Jersey mwaka 2019 wakidai vioo vya magari yao mapya vilipasuka bila sababu ya maana, na kila upande ulikuwa na maelezo yake kuhusu chanzo. Kwa hiyo kabla ya kwenda gereji, piga picha mwanzo wa ufa ukiwa umeweka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, kisha piga ukingo mzima. Kioo kikishatolewa huvunjikavunjika, na ushahidi umekwenda. Kwa bima kubwa ni vivyo hivyo. Soma pia kama kuna kikomo cha fedha kwa ajili ya vioo, maana mara nyingi kikomo hicho kiliwekwa bila kufikiria kioo chenye kamera.

Dhana: “Paka supagluu, ufa utasimama.”

Wengine husema dawa ya meno au rangi ya kucha. Dawa ya meno haifanyi lolote. Supagluu ni mbaya zaidi: huacha ukungu mweupe, hukauka ngumu na kukatika, na inaziba njia ambayo dawa halisi ingepita. Ukishaipaka, fundi wa kweli hana cha kukusaidia.

Kinachofaa dakika ile ni kipande cha selotepu safi juu ya kishimo, kuzuia vumbi na maji. Ukarabati wenyewe ni wa kuvuta hewa na maji kutoka kwenye kishimo kwa pampu ndogo inayobanwa juu yake, kusukuma resini nyepesi iingie hadi kwenye miguu ya ufa, kisha kuikausha kwa taa ya mionzi ya urujuanimno. Mwisho husuguliwa kwa wembe hadi pawe sawasawa. Alama hafifu itabaki. Anayekuahidi kwamba haitaonekana kabisa anakudanganya. Kazi hii hufanyika kivulini, kioo kikiwa baridi, kwa kuwa kusukuma resini kwenye kioo cha moto huweza kuurefusha ufa mbele ya macho yenu.

Kishimo cha duara kisichozidi sentimita 2.5 hutengenezeka vizuri. Ufa wa hadi sentimita 15 mafundi wengi huukubali. Lakini ufa uliofika ukingoni, au ulioingia tabaka la ndani (pitisha ukucha upande wa ndani utajua), ni wa kubadilisha kioo. Mbele ya macho ya dereva pia usikubali kiraka kikubwa, kwa sababu usiku taa za magari yanayokuja zitatawanyika hapo. Uingereza, katika ukaguzi wa kila mwaka, dosari inayozidi milimita 10 kwenye eneo la milimita 290 lililo mbele ya usukani hulifelisha gari. Kwingineko kunakofikiwa na wipa ni milimita 40. Ni kipimo kizuri cha kujipimia hata kama mkaguzi wenu hana rula.

Dhana: “Kioo ni kioo tu, silikoni inatosha.”

Hapa ndipo watu wanapohatarisha maisha bila kujua. Kioo cha mbele cha gari la kisasa kimegandishwa kwenye bodi na ni sehemu ya uimara wake. Mfuko wa hewa wa abiria, katika magari mengi, hufumuka kwenda juu, hukigonga kioo na kukiegemea ndipo umgeukie mtu. Kioo kilichoshikwa na silikoni ya bafuni kinaweza kuchomoka, na mfuko ukafuata njia hiyohiyo ya nje. Tena silikoni ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hualika kutu kwenye bati.

Gundi yenyewe ni poliuretani. Kagua tarehe ya mwisho kwenye mrija kabla haujakatwa. Kazi safi huenda hivi: gundi ya zamani inakatwa na kuachwa milimita 1 hadi 2 juu ya bodi, haikwanguliwi hadi kwenye chuma, kwa sababu gundi mpya hushika vizuri juu ya ile ya zamani. Mkwaruzo wowote uliofika kwenye bati hupakwa praima, dawa ya awali inayotangulia gundi. Kioo kipya hufutwa, ukanda mweusi wa pembeni hupakwa praima yake, na baada ya hapo hakuna kidole kinachopagusa. Ukanda huo si urembo, unaikinga gundi na jua.

Ncha ya mrija hukatwa kwa umbo la V ili gundi itoke kama pembetatu, upana wa milimita 8 hadi 10 na kimo cha milimita 12 hivi, bila kukatika popote pale. Mzingo wa kioo cha gari dogo ni kama mita 4, hivyo mrija wa mililita 310 huisha kama theluthi mbili hadi robo tatu. Fundi aliyebakiwa na nusu amekupunja. Kioo hupachikwa ndani ya dakika chache kabla gundi haijashika utando juu.

Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewani, si kwa jua. Kwa hiyo Zanzibar hukauka haraka kuliko Dodoma wakati wa kiangazi. Muda wa kusubiri kabla ya kuendesha umeandikwa kwenye mrija: aina nyingine nusu saa, nyingine saa kadhaa. Acha dirisha wazi sentimita moja au mbili kwa siku nzima, usibamize milango (hewa inayobanwa ndani hukisukuma kioo), na usioshe kwa pampu ya nguvu kwa saa 24 hadi 48.

Vioo vilivyokatwa kwenye magari yaliyopata ajali ni rahisi kwa bei. Kabla ya kulipa, pitisha kitambaa laini ukingo mzima. Kikinasa popote, kiache. Soma na muhuri wa kona ya chini: kioo cha mbele kiwe na AS1, au herufi E ndani ya duara pamoja na 43R.

Dhana: “Kamera imerudishwa ilipokuwa, basi.”

Magari ya kisasa yana kamera nyuma ya kioo cha mbele inayotazama barabara na kusaidia kufunga breki za dharura. Subaru ilianza kuuza mfumo wake wa aina hiyo, EyeSight, Japani mwaka 2008, na Toyota ilileta wake, Safety Sense, mwaka 2015. Kwa kuwa Kenya hairuhusu gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8, magari mengi yanayoingia sasa yana kamera hiyo. Kamera ikikaa kombo kwa nyuzi 1 tu, umbali wa mita 50 inakosea kwa karibu sentimita 87. Hapo breki za dharura zinaweza kushtukia gari la njia ya pili, au zikalala kabisa. Kutowaka kwa taa ya onyo si uthibitisho. Uliza kabla ya kulipa: nani atailinganisha kamera upya, kwa mashine na ubao gani? Kama jibu ni “itajirekebisha yenyewe barabarani”, hakikisha kitabu cha gari lako kinasema hivyo.

Dhana: “Sanrufu inavuja, raba imekufa. Ziba na silikoni.”

Raba ya sanrufu haikuundwa kuzuia maji yote. Kazi yake ni kupunguza maji na kelele. Maji yanayopita huangukia kwenye fremu yenye mfereji chini ya kioo, na kila kona kuna mrija mwembamba. Mirija ya mbele hushuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele na kutokea karibu na bawaba za mlango. Ya nyuma hupita nguzo za nyuma na kutokea karibu na tairi au bampa. Majani ya mwarobaini, vumbi na viota vya wadudu vikiiziba, mfereji unafurika na maji yanashukia kwenye kitambaa cha dari. Ukiziba kioo kwa silikoni hutakiinua tena, mota itaungua ukijaribu, na maji bado yatapata upenyo.

Fungua sanrufu, futa mfereji, kisha mimina maji kikombe kimoja, kama mililita 250, polepole kwenye kila kona. Mwenzako achungulie chini ya gari. Maji yakidondoka ndani ya sekunde chache, kona hiyo ni nzima. Yakisimama, chukua waya wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi wa milimita 2, lainisha ncha yake kwa moto iwe ya mviringo, uingize taratibu huku ukizungusha. Usilazimishe. Na kompresa ya gereji isiguse mirija hii: mgandamizo wake huuchomoa mrija kwenye kiungo ndani ya nguzo, na kuurudisha ni mpaka dari ishushwe.

Dari ikiwa kavu na zulia limelowa, mrija huenda umechomoka huko chini. Au si sanrufu kabisa: bomba la maji ya eisi likiziba, zulia la abiria hulowa hata kiangazi. Usiache zulia likae na maji, kwani chini yake hupita nyaya, na katika baadhi ya magari kuna hata kompyuta. Safisha mirija mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Dhana: “Jua limeilipua sanrufu.”

Sanrufu nyingi ni kioo cha tempa, kilichopashwa moto mkali na kupozwa ghafla. Uso wake umejibana, ndani umejivuta, na hustahimili joto kuliko kioo cha kawaida. Lakini mkazo huo ukifumuka mahali pamoja, kioo kizima hugeuka punje kwa kishindo kama cha risasi. Mwaka 2017 jarida la Consumer Reports la Marekani lilihesabu malalamiko zaidi ya 850 ya sanrufu zilizolipuka tangu 1995, na yalitokea miezi yote ya mwaka, si ya joto pekee.

Chanzo cha kawaida ni jiwe au ukingo uliochubuka. Chanzo adimu, ambacho hakuna dereva awezaye kukiona, ni chembe ya nikeli salfaidi iliyonaswa kiwandani. Chembe hiyo hutanuka polepole kwa miaka hadi siku ikipasue. Kioo cha tempa hakikarabatiwi kwa resini wala hakitobolewi. Kikishachubuka ni cha kubadilisha. Kikilipuka ukiwa safarini, punguza mwendo, funga pazia la ndani ili punje zisimwagike, na usijaribu kufungua sanrufu.

Dhana: “Imekwama, ipake grisi ya kutosha.”

Grisi nyingi hukamata vumbi na kuwa msasa. Futa reli kwanza, kisha paka utando mwembamba wa grisi nyeupe ya lithiamu relini tu. Raba hupakwa dawa ya silikoni. Mafuta ya injini huivimbisha. Kama sanrufu inafika nusu na kurudi, mara nyingi mota imepoteza kumbukumbu ya mwanzo wake. Katika magari mengi hurejeshwa kwa kubonyeza swichi ya kufunga bila kuachia kwa sekunde 10 au zaidi mpaka kioo kijiendeshe, lakini utaratibu hutofautiana, tazama kitabu cha gari. Kioo kikikaa upande upande, acha swichi mara moja: kishikizo cha plastiki kimekatika, na kila jaribio jingine linapinda kebo.

Mvua ikikukuta imekwama wazi, magari mengi ya zamani yana tundu la ufunguo wa pembe sita nyuma ya taa ya dari, unazungusha kwa mkono. Gari lako halina? Tandaza nailoni nene juu ya paa, gundisha selotepu kwenye rangi tu na si kwenye raba, ukianzia upande wa mbele ili upepo usiibebe.