Kumlilia Mungu si Kukosa Imani

Kwa miaka ninayohudumia wafiwa mjini Dodoma na katika vijiji vya Bahi na Chamwino, kuna maneno ninayoyasikia karibu katika kila msiba, na kila nikiyasikia moyo unanichemka: "Jikaze, mwenye imani halii, kazi ya Mungu haina makosa." Juma lililopita niliyasikia tena, safari hii yakitoka kinywani mwa mfiwa mwenyewe. Mama mmoja aliyemzika mwanawe wa kwanza aliketi mbele yangu akiusokota upindo wa khanga yake kidoleni na kuusokotoa, macho makavu kabisa, akasema: "Mchungaji, tangu tumzike sijasali. Nikifumba macho zinakuja lawama tu, nami siwezi kumpelekea Mungu lawama."

Hiyo ndiyo dhana inayowaumiza watu wangu kuliko zote, kwamba mbele za Mungu mfiwa anaruhusiwa kushukuru tu. Waliomfariji mama huyu walimsomea Ayubu 1:21, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa", kisha wakafunga Biblia. Wangefika sura ya 3 wangemkuta Ayubu yuleyule akiilaani siku aliyozaliwa, na tangu hapo anahoji na kulalamika sura baada ya sura. Rafiki zake, waliojitwika kazi ya kumtetea Mungu, ndio waliokemewa katika 42:7 kwa kutonena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Huduma yao bora kwake ilikuwa zile siku saba za mwanzo, walipoketi naye chini bila kusema neno.

Zaburi nazo zinasema vivyo hivyo. Kati ya zote 150, za maombolezo ndizo nyingi kuliko za aina nyingine yoyote. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu "hata lini" mara nne katika mistari miwili ya kwanza, na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila shukrani yoyote mwishoni. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro ilhali alijua kwamba punde atamfufua, na msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, mbona umeniacha?" Hata Paulo, ambaye mstari wake wa 1 Wathesalonike 4:13 hukatwa katikati na wafariji wenye haraka, hakuwakataza waumini kuhuzunika, bali aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na matumaini.

Sisemi kwamba ni uongo kuungama kuwa kazi ya Mungu haina makosa. Nasema kwamba ungamo hilo ni la mfiwa mwenyewe, alitamke siku atakapoweza, na si kitambaa cha kumziba mdomo chini ya turubai la msiba. Mama yule nilimsomea Zaburi ya 88 polepole, mpaka mwisho. Aliuachia upindo wa khanga, akauliza, "Na hii nayo ni sala?" Nilipomjibu kwamba ni sala, ndipo alipolia, nami sikumwambia anyamaze. Ushauri wangu kwa kila mfiwa ni huohuo: soma zaburi moja ya maombolezo kwa sauti kila jioni, saa ileile ambayo marehemu alizoea kurudi nyumbani, maana hiyo ndiyo saa inayouma.

Wengine hudhani kwamba sala isiyo na maneno haifiki. Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo anayeweza kuugua tu amekwisha kuomba.

Wengine husema kwamba arobaini ikipita huzuni nayo iishe. Arobaini ni desturi ya jamii, nayo inasaidia kuwakusanya ndugu, lakini haina mamlaka juu ya moyo. Jirani zetu Waislamu nao wanajua kwamba Mtume Muhammad alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim.

Imebaki dhana kwamba kumpeleka mfiwa katika hospitali ya akili ya Mirembe ni kukiri kuwa maombi yameshindwa. Eliya alipoomba afe, katika 1 Wafalme 19, alipewa kwanza mkate na maji, akaachwa alale tena, na mazungumzo yakafuata baadaye sana. Mungu hakuona aibu kuanza na mwili. Mfiwa asiyekula, asiyepata usingizi kwa majuma, au anayesema anatamani kumfuata marehemu, anahitaji daktari leo, na sala ziendelee njiani. Hospitali hiyo ya taifa ya afya ya akili iko hapahapa Dodoma, na anayekwenda asiende peke yake. Mimi huketi nao kwenye benchi mpaka waitwe jina.