Lile dirisha si uzembe wa wanawake

Juzi tena, kwenye kikao cha kubana matumizi ya umeme, mkuu wa ofisi kanambia mbele ya watu: "Fundi, sisi wanaume twajali. Tatizo mabibi hawa, kiyoyozi kinawaka na wao wanafungua madirisha." Maneno haya nimeyasikia Mjini Unguja, nimeyasikia Wete kule Pemba, nimechoka nayo. Na wale wasemao mwanamke kaumbwa kubana matumizi wananichosha vilevile.

Nikaenda kulitazama dirisha lenyewe. Bibi wa masjala kakaa chini ya kiyoyozi kabisa, sweta juu ya buibui, mikono kaiviringa ndani ya mtandio. Kiyoyozi kimewekwa nyuzijoto 16. Rimoti iko wapi? Kwenye mtoto wa meza ya mkuu, chumba cha pili, imefungiwa kwa ufunguo. Sasa afanye nini? Anafungua dirisha, maana hiyo ndiyo swichi pekee aliyoachiwa.

Na hasara yake ni kubwa, sikatai. Hewa ya visiwa vyetu imejaa unyevu, na sehemu kubwa ya kazi ya kiyoyozi ni kuyatoa maji hayo hewani. Dirisha likiwa wazi kompresa, ile pampu yake inayokula umeme, haipumziki. Lakini hiyo 16 nayo, kwa viyoyozi vya kawaida tulivyo navyo, haipozi chumba haraka kuliko 25. Inaizuia tu kompresa kuzima.

Vipimo vya joto la maofisini vilipangwa miaka ya 1960 kwa mwili wa mwanamme wa miaka 40, kilo 70. Mwaka 2015 Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, watafiti wa Uholanzi, walionyesha kwamba hesabu ile hulikadiria joto linalozalishwa na mwili wa mwanamke kupita lilivyo kweli, hadi kwa asilimia 35. Hata hivyo waliowapima ni wanawake vijana 16 tu, nami sithubutu kuichukua asilimia hiyo nikambandika mama wa miaka 50 wa Pemba aliyezaliwa ndani ya joto la kaskazi. Mwelekeo nauamini. Tarakimu, hapana.

Madodoso ndiyo yananitia wasiwasi zaidi, yangu mwenyewe yakiwemo. Muulize mtu, mkubwa wake kasimama pale, kama anajali kuzima taa: wake kwa waume watasema ndiyo. Karatasi zinarudi zinasema wanawake wanajali zaidi, ninaandika ripoti, kisha jioni nakuta aliyezima taa za jengo zima ni msafishaji, na yeye hakuna aliyempa dodoso. Siku hizi nahesabu swichi jioni.

Umeme ulipokatika Unguja karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, pampu zilisimama na ndoo zikapanda vichwani mwa wanawake. Watu hao uniti wanaijua vizuri, nyumbani wanaitazama mita ya Tukuza, ile ya kulipia umeme kabla, ikishuka. Ofisini bili haipiti mbele ya macho yao, wala ya wanaume walio nao chumba kimoja.

Ofisi ile tuliweka 25, tukawasha pangaboi, tukageuza mapezi ya kiyoyozi upepo usimpige bibi. Rimoti tukaitundika ukutani kwa uzi, karibu na mlango. Dirisha lilifungwa siku ile ile. Kesho yake mkuu alikuja kazini bila koti.